Makoti Sita ya Makindu

Fundi,

Hupendi barua ndefu, najua. Hata zile za mwalimu mkuu kuhusu sare, nilipokuwa nikikusomea, ulikuwa unasikiliza mistari miwili halafu unasema, "Haya, haya, wanataka nini?" Hii ni ndefu, na safari hii huna njia ya kunikatiza, kwa hivyo nivumilie. Nataka kukueleza jambo ambalo nilipaswa kukueleza ukiwa umekaa pale kwenye kiti chako, hatua mbili tu kutoka kwa cherehani yangu. Nilikuwa na karibu mwaka mzima wa kulisema. Sikulisema. Siku hizi nikienda nyumbani kwako napitia upande wa zizi la mbuzi ili nisipite mbele ya kaburi lako, na mkeo, Mama Mutheu, anafikiri nakwepa matope.

Acha nianze na habari za kazi, ndizo rahisi. Kibanda bado ni chetu. Kuna mtu wa kutengeneza simu aliyekitaka, akaja na maneno matamu, lakini Mama Mutheu alikataa, akasema nikae hapo mpaka nichoke mwenyewe. Cherehani yako sijaikalia. Naifuta vumbi kila Jumatatu, naitia mafuta, nageuza gurudumu mara mbili tatu isije ikakwama, halafu naifunika tena. Sare za muhula huu nilizimaliza kwa wakati, isipokuwa sketi za darasa la nne ambazo nilizikata fupi, nikalazimika kuhangaika kuzitafutia pindo. Ungenisema mpaka jioni. Ndengu zimekubali shambani mwaka huu, watu wanatabasamu, kwa hivyo kuna harusi nyingi na suti nyingi. Wateja waliokuhama wamerudi. Wananiambia mkono wangu umefanana na wako, na mimi nashindwa kuwatazama usoni ninapowapima mabega.

Ni lazima niifikie Ofisi ya Nyuma. Ulikuwa mchezo wa redio tu, kila Jumamosi saa kumi jioni, na wewe mwanzoni hukuutaka. Ulisema waigizaji wanapiga kelele bure. Halafu siku moja mvua ikatufungia kibandani, ukausikiliza mpaka mwisho, na Jumamosi iliyofuata saa kumi kasorobo ukawa umeshanituma dukani kuleta betri. Hadithi yenyewe ilikuwa ya ofisi ya siri ya ujasusi ambayo hata mawaziri hawaijui. Haina jengo. Inafanya kazi nyuma ya biashara za kawaida: nyuma ya posho mill, nyuma ya bucha, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Majasusi wake hawabebi bunduki, wanasikiliza na kuandika, na mkubwa wao anaitwa Karani. Mtunzi hakutajwa hata siku moja. Mchezo ukiisha, sauti nzito ilisema tu kwamba umetungwa na wanaojua. Hapo ndipo akili za watu zilipohama.

Kukawa na kundi la wasikilizaji kwenye simu, wa Kitui na wa Makueni, na Mwalimu Musyoka wa Kwa Vonza akawa mwenyekiti. Swali lao lilikuwa moja: Ofisi ipo kweli au haipo? Mtu mmoja wa mji wa Wote alituma picha ya posho mill yenye milango miwili ambayo haisagi siku ya Jumanne. Mama mmoja wa Kibwezi alisema kuna lori linaloharibika mahali pale pale kila mwisho wa mwezi, na dereva wake hachafuki mikono. Mchezo ulipokosa kurushwa wiki mbili, wengi walikubaliana kwamba mtunzi amekamatwa kwa kutoa siri, ingawa redio yenyewe ilisema radi imepiga mtambo. "Radi!" uliniambia ukicheka. "Na ungekuwa wewe ni wao, si ungesema tu ni radi?" Abdi, yule wa kuleta mbuzi kutoka Garissa, ambaye ulimshonea kanzu ya Idi kila mwaka, ndiye hakuamini kabisa. "Mzee, hawa watu wameshindwa kuleta maji ya mfereji," alikuwa akikwambia, "hii siri yote wataweka wapi?" Mimi nilikuwa nakusomea ujumbe wa kundi huku ukikata kitambaa, kwa sababu miwani yako ilikuwa ya mbali na hukutaka kusikia habari ya nyingine. Zilikuwa saa nzuri, Fundi. Hilo siwezi kulikana.

Lakini koti ulikuwa umeshanionyesha kabla ya hapo. Ilikuwa ile siku niliyomaliza koti la kwanza la mwanamume bila wewe kulifumua, mwaka wa nne tangu nije kujifunza kwako. Ulifunga mlango wa kibanda, ukavuta sanduku la bati chini ya meza, ukatoa koti la kijivu, la kitambaa duni, ambalo halikuwahi kuvaliwa na mtu. Ukaniambia nitafute kilichofichwa. Nilipapasa mshono kwa mshono, nikageuza mikono nje ndani, nikashindwa. Ukacheka, ukaweka kidole nyuma ya shingo, kwenye lebo. Lebo ilikuwa imeshonwa pande tatu. Upande wa juu ulikuwa wazi, na nyuma yake, kati ya kitambaa na bitana, kulikuwa na mfuko mwembamba ulioshuka mpaka katikati ya mgongo. Mtu angepekuliwa kila mahali asikutwe na kitu. Nani hupekua lebo?

Ndipo ukaniambia ya Makindu. Ulikuwa kijana hujaoa, unashona kwenye veranda ya duka kando ya barabara ya Mombasa, na mchana unakula chapati na dengu kwenye hekalu la Singasinga pamoja na wasafiri. Wakaja wanaume wawili na gari lisilo na maandishi. Walitaka makoti sita. Vipimo walikuja navyo kwenye karatasi, wenye makoti hukuwaona hata mmoja. Huo mfuko wa lebo walikuchorea wao. Ulishona kwanza la saba, la kujaribia, ndilo hilo la sandukuni. Baada ya siku nane walirudi, mmoja akaingiza karatasi iliyokunjwa, akaitoa, akakuuliza, "Hutamwambia mtu, sivyo?" Ukatoa neno lako. Miaka arobaini hukumwambia mtu, hata Mama Mutheu. Mimi uliniambia kwa sababu, ulisema, hutaki kazi nzuri hivyo ipotee. "Lakini ikae hapa kwetu wawili, Mumbua." Nikasema itakaa.

Ilikaa miezi mitano.

Redio ilitangaza kwamba wasikilizaji watume siri za kazi zao, na zile nzuri zingesomwa hewani pamoja na jina la aliyezituma. Nilitaka jina langu lisomwe. Nimetafuta sababu nyingine, ya heshima kidogo, sijaipata. Nilitaka mwaitu, mama yangu, kule nyumbani, amekaa na majirani zake Jumamosi, asikie redio ikisema "Mumbua wa Migwani." Nikaandika kuhusu lebo ya pande tatu. Sikukutaja wewe wala sikutaja Makindu, na hapo nikajiona mwaminifu sana. Niliutuma ujumbe nikiwa kwenye foleni ya maji, mitungi yangu mbele yangu, nikaanza kungoja sifa. Jina halikusomwa. Wiki ikapita, mwezi ukapita, nikasahau kabisa kwamba niliandika.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Jasusi mmoja wa Ofisi alikamatwa kwenye kizuizi cha barabara, akapekuliwa mpaka soksi, wasione kitu. Alipofika salama kwa Karani akaingiza kidole nyuma ya shingo yake. "Lebo," akasema, "imeshonwa pande tatu tu."

Uliangusha mkasi. Wewe, ambaye ulikuwa ukinifokea nikiangusha hata pini. Ulisimama ukashika kichwa kwa mikono miwili, ukasema kwa Kikamba neno ambalo mzee wa kanisa hasemi, halafu ukaanza kucheka na machozi yanatoka. "Mumbua! Ni wao! Mumbua, hawa watu mimi niliwashonea!" Miaka arobaini ulikuwa unajiuliza wale wanaume walikuwa nani, na sasa redio ilikuwa imekujibu, katikati ya Migwani, saa kumi na robo mchana kweupe. Mimi nilikuwa nimekaa na mguu kwenye pedali, nikijua kwamba jibu lako lilitoka kwenye simu yangu.

Ningesema wakati ule lingekuwa jambo dogo. Ungenikasirikia, ungekaa siku mbili hunisemeshi, na mwaka uliofuata tungekuwa tunalicheka. Nilifungua mdomo, Fundi, nakwambia ukweli. Lakini ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kukuona nayo. Ulizunguka kibanda ukinionyesha jinsi yule mwanaume alivyoikunja karatasi, alivyosimama, kofia aliyovaa. Nikafunga mdomo. Nilijiambia nakuonea huruma. Nilikuwa najionea huruma mimi.

Hesabu yako ilikuwa rahisi. Wanaoijua lebo ni wenye makoti, wewe na mimi. Wewe hukusema. "Na wewe siwezi kukuhesabu kama mtu mwingine," uliniambia. "Wewe ni mkono wangu." Basi anayetunga mchezo ni mmoja wa wenye makoti. Basi Ofisi ipo. Na kwa kuwa wenyewe wameitoa siri yao hewani, ulisema, neno lako la Makindu limefunguliwa, sasa unaweza kuongea. Wale wengine wote wa kundi walikuwa na posho mill na malori. Wewe peke yako ulikuwa na kitu cha kushika mkononi.

Mwalimu Musyoka akaitisha mkutano Kwa Vonza, kwenye hoteli iliyo pembeni mwa soko, watu kama thelathini, chai na mandazi mezani. Ulivaa suti uliyovaa kwenye harusi ya binti yako Mutheu. Koti la saba ulilikunja ndani ya gazeti, ukalibeba mwenyewe, hukutaka nikusaidie. Ulisimulia vizuri sana. Hata mpishi alitoka jikoni na kijiko chake akasimama mlangoni kusikiliza, na ulipogeuza lebo kuna waliopanda juu ya viti ili waone. Mwalimu alikuwa na kalamu mkononi, anakusikiliza kama anayesahihisha mtihani. Akakuuliza nani mwingine anajua. Ukanionyesha kwa kidole. Kwa fahari, Fundi. "Ni huyu tu. Na huyu naweza kumwachia nyumba na funguo." Wote wakageuka kunitazama.

"Wewe dada," Mwalimu akaniuliza, "umewahi kuambia mtu?"

Nikasema, "Hapana. Hata siku moja."

Hiyo "hata siku moja" niliiongeza mwenyewe. Hakuna aliyeniomba.

Mwalimu akagonga meza na kalamu. "Sasa kama hakuna mtu alisema," akasema, "kuna njia ingine. Mzee alisikia hii maneno kwa redio, akaenda nyumbani akashona koti. Kitambaa ya zamani si iko tu kila mahali?" Kicheko cha kwanza kilitoka kwenye meza za nyuma. Ukawaambia hukulishona juzi, ulilishona Makindu kabla wengi wao hawajazaliwa. "Basi kula kithitu!" mtu akapaza sauti. Kithitu, kile kiapo cha wazee wetu wa zamani, ambacho watu huamini kwamba aliyekila akisema uongo hamalizi mwaka. Ulikikataa ulipobatizwa, na ulisema hivyo kwa upole, umesimama na koti lako mkononi: "Mimi ni mtu wa kanisa. Siapi. Nimesema ni Makindu, ni Makindu." Sasa wakacheka kweli kweli. "Anaogopa kufa!" Unajua mimi nilihisi nini wakati huo? Nilishukuru. Kwa sababu ungekubali wewe, wangetaka niape na mimi.

Abdi peke yake ndiye aliyesimama. "Huyu mzee amenipima miaka kumi," alisema, "na hajawahi kunidanganya hata inchi moja. Hiyo Ofisi yenu mimi siamini. Mzee naamini." Hakuwa na kitu kingine cha kukutetea nacho. Mimi nilikuwa nacho, na nilikuwa nimeinama nalikunja koti kwenye gazeti.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Watoto wakitoka shule walikuita Karani. Mteja akija kuchukua suruali yake aligeuza lebo kwanza, anachungulia, anacheka peke yake, na wewe ulimrudishia chenji yake. Wengine wakaacha kuja. Hakuna anayejali sana fundi akiamini redio, lakini fundi anayeghushi koti ili aonekane mtu mkubwa, huyo hata akikupima kiuno unashuku. Kanisani wakakwambia usisimame mbele kuongoza maombi mpaka mambo yapoe. Na siku moja tukipiga pasi suti ya bwana harusi, uliniuliza bila kuniangalia, "Mumbua, hukuwahi kuteleza kwa mtu? Hata kwa mzaha tu?" Nikacheka. Nilicheka, Fundi. "Aki, kwani mimi ni mtoto?" Ukasema, "Nimeuliza tu," ukaweka makaa mengine kwenye pasi. Hukuniuliza tena. Sijui kama uliniamini au ulinisitiri. Nimejaribu kujifariji kwa la kwanza, nikajaribu kwa la pili, yote mawili yananichoma.

Nilikuwa na maneno machache tu ya kusema. Yangekunyang'anya Ofisi, hiyo ni kweli, maana ungejua redio ilipata wapi habari za lebo. Lakini yangekurudishia jina lako. Ujumbe wangu uko kwenye simu mpaka leo, na tarehe yake, miezi mitatu kabla ya mchezo kuitaja lebo. Ningewezaje kueleza mfuko wa koti ambalo halijashonwa? Mtoto wa darasa la tatu angeona kwamba koti lilikuwepo. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Halafu baada ya miezi sita hivi nikasikia umerudishwa mbele kanisani, unaongoza maombi kama zamani. Nikashusha pumzi. Nikasema yameisha, watu wamesahau, ya nini kuyafukua? Sikuuliza umerudishwaje. Kanisa langu ni lile la ng'ambo ya soko, na ilinifaa sana kutojua ya kwenu.

Presha ikakuangusha. Siku tatu hospitalini, ya nne tukauleta mwili wako nyumbani. Ilikuwa haijatimia mwaka tangu Kwa Vonza, na waliohesabu miezi hawakukosa. Kumbe kithitu, walinong'ona, kinaweza kumfuata hata yule aliyekataa kukila.

Mazishi yako yalikuwa makubwa. Abdi alileta mbuzi wawili, akakaa na wazee wa ukoo mpaka mwisho. Mutheu ndiye aliyesoma maisha yako, na alipofika pale pa kusema ulijifunza kazi Makindu, wakaingia vijana sita wa lile kundi wamevaa makoti ya kijivu na miwani myeusi. Walisimama nyuma ya hema, mikono mbele. Sita, Fundi. Walikuwa wamehesabu. Labda wengine wao walidhani wanakupa heshima, sijui. Watu wakaanza kucheka chini kwa chini, kicheko kikatembea mpaka kwenye viti vya akina mama, na Mutheu akapoteza mstari aliokuwa akisoma. Mama Mutheu aligeuka, akawaona, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa kiti cha tatu kutoka kwake. Nilikuwa na simu kwenye mkoba.

Sasa nakuja kwa lililonifanya nikae kuandika. Jana mchana nilikuwa kwako, namsaidia Mama Mutheu kupepeta ndengu. Tulikuwa tunaongea habari za kawaida, kuku, mjukuu. Ghafla akaniuliza, "Mumbua, wewe ulikuwa naye kila siku. Hiyo koti alishona lini? Niambie tu. Hata kama ni uongo, ameshaenda, sitakasirika."

Mkeo, Fundi. Mama wa watoto wako. Alikuwa hajui, na alikuwa anabeba hilo peke yake.

Nilimwambia. Sikupanga maneno, yalitoka yakigongana. Nilimwambia kuhusu foleni ya maji, nikamwambia nilichosema Kwa Vonza, nikatoa simu nikamsomea ujumbe na tarehe yake mara mbili kwa sababu aliniomba nirudie. Alikuwa ameshika ungo mikononi, haupepeti.

"Kwa hivyo hakuwa mwongo," akasema.

"Hapana, mama. Mwongo ni mimi."

Nilingoja anitupie ungo. Ningeshukuru. Badala yake alianza kuongea polepole akiangalia ndengu, kama mtu anayehesabu kitu. Akaniambia jinsi ulivyorudi mbele kanisani. Wazee walikuwa wamesema utarudi ukitubu. Wewe ulikataa, ukasema huwezi kumtubia Mungu kosa ambalo Mungu mwenyewe anajua hukulifanya. Mama Mutheu alikuomba kwanza kwa upole. Alikuwa amechoka kutazamwa kisimani, alikuwa anaona haya kukaa na akina mama wenzake. Ulipoendelea kukataa, akaacha kukusemesha. Miezi miwili mlikaa nyumba moja, anakuwekea chakula mezani anatoka nje. Mimi nilikuwa nakuona kibandani kila siku, unakunywa chai yangu vikombe vitatu, na sikujua kwamba hayo ndiyo maongezi pekee uliyokuwa nayo.

"Siku moja akaenda," Mama Mutheu alisema. "Wazee walikuwa kwa ile chumba ya nyuma ya kanisa, watu watano, na mimi niliitwa nione. Akapiga magoti. Unajua goti lake lile la kulia lilikuwa linamsumbua. Akasema, 'Nilidanganya kuhusu makoti. Nisameheni.' Wakamwombea. Tukarudi nyumbani hatusemi kitu, akakaa hapo kwa hiyo stuli, akaniuliza, 'Sasa utaongea na mimi?'"

Halafu Mama Mutheu akaweka ungo chini, akafunika uso kwa leso. "Ni mimi nilimpigisha magoti," akasema. "Mumbua, ni mimi."

Sikuweza kumwambia si yeye. Ningesema hivyo angenijibu nini? Tulikaa pale, wanawake wawili, mmoja alikudanganya na mwingine hakukuamini, na huyo wa pili asingekosa kukuamini kama si wa kwanza. Nilijaribu kumshika mkono. Aliuacha mkono wake kwenye wangu, lakini hakuufunga.

Hakunitukana. Alipoweza kuongea alisema tu, "Jumapili utakuja kanisa yetu. Na utasema mbele ya watu wote, si kwa ile chumba." Akasema atasimama karibu yangu, kwa sababu na yeye ana ya kwake ya kusema. Ujumbe wangu na tarehe yake nimeshautuma kwa Mwalimu Musyoka leo asubuhi, auweke kwenye kundi wausome wote, na chini yake nimeandika kwamba Kwa Vonza nilisema uongo. Ameusoma. Hajajibu bado.

Kuhusu wale wanaume wa Makindu, sijui walikuwa nani. Labda walikuwa wanunuzi wa mawe ya thamani wanaoogopa majambazi barabarani. Labda wao ndio walikuwa majambazi. Labda walikuwa Ofisi kweli, Fundi, na mtunzi wa redio hajui chochote isipokuwa alichoambiwa na msichana kwenye foleni ya maji. Nimekuharibia ushahidi wako na sina mwingine wa kukupa. Ninachojua ni kwamba walikuja, wakataka makoti sita, na wewe uliwashonea sita, yakawakaa.

Basi nakuaga. Siwezi kukuomba msamaha hapa kwenye karatasi, ambako hakuna anayenisikia nikitetemeka. Nitakuomba Jumapili, kwa sauti, mlangoni wasikie na madirishani wasikie, na wakinizomea nitangoja wanyamaze niendelee. Nitawaambia nilikaa nawe miaka mitano na sikukusikia ukidanganya mteja, wala mkeo, wala mimi. Nitawaambia uongo ninaojua uliusema ni mmoja tu, ule wa kupiga magoti, na aliyekufanya uuseme ni mimi.

Lala, Fundi.

Mumbua